Kampuni ya Wifi Yangu

Nyumbani kwetu wifi yangu anaitwa Kampuni. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyempa jina hilo, na alimpa kwa kumcheka. Asubuhi akipita mlangoni kwake anauliza, "Kampuni imeamka?" Akimkuta amesinzia mchana anatutangazia kwamba kampuni imefunga hesabu za mwaka. Watoto wangu nao wamedakia hapo hapo, wanamwita Shangazi Kampuni mbele ya wageni, na wageni wanadhani watoto hawa wana shangazi tajiri.

Kampuni yenyewe ni chumba kimoja cha mbele, upande wa barabarani, kilichopakana na saluni yangu. Kina dirisha moja, meza iliyojaa makopo ya rangi yasiyofunga vizuri, vipande vya plaiwudi vilivyoegemezwa ukutani, kiti kisicho na mgongo, na simu. Wifi anachora picha za kutundika: ndege, maua, sura za watu. Anachora kwa mkono, kwa rangi za mafuta, na watu wananunua kwa ajili ya sebule zao na mapokezi ya ofisi zao. Kukata mbao ni yeye, kupiga msasa ni yeye, kuosha brashi ni yeye, na kubeba mzigo kichwani mpaka kwa mteja ni yeye. Bosi na mfanyakazi ni mtu mmoja, na kwa jinsi ninavyowajua wote wawili, hakuna anayemwonea mwenzake huruma.

Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba. Kwa hiyo nasikia kila kitu. Sijasema nasikiliza, nimesema nasikia.

Miaka ya mwanzo nilichosikia kilinipandisha presha. Wifi yangu ni mpole kupita kiasi na neno hapana halimtoki mdomoni. Mteja akisema apunguziwe, anapunguza. Akisema aongezewe na maua pembeni, anaongeza. Mtu anaondoka na picha kwapani karibu bure, na anayesema asante ni wifi. Nikimgombeza, ananiambia kwamba yule baba alipenda sana lile ua jekundu, uliona alivyokuwa anatabasamu? Kuna mwingine alinunua kapicha kadogo, kesho yake akarudi, nami nikajua tu amekuja kurudisha. Kumbe amekuja kumweleza ameitundika wapi, na kwamba asubuhi jua linaifikia. Wifi alitembea na habari hiyo wiki nzima, akimsimulia kila aliyekaa kwenye kiti changu, hata wale ambao masikio yao yalikuwa chini ya maji.

Basi siku moja kuna mwanamume alimpigia simu akambana kwenye bei mpaka nikatamani kuupasua ukuta niichukue mimi hiyo simu. Ndipo nikamsikia wifi anasema, "Subiri kidogo, nimuulize mhasibu." Kisha nikasikia sauti nyingine kabisa, kavu, ya puani, sauti ya mtu ambaye hajawahi kumkopesha mtu hata kiberiti. "Haiwezekani. Bei ni hiyo hiyo."

Nilitoka mbio na kitana mkononi nikaone ni nani kaingia. Nilimkuta wifi peke yake, kaziba simu kwa kiganja, macho yamemtoka. Alikuwa ameshtuka kuliko mimi. Yule mwanamume alilipa bei yote bila kunung'unika.

Kuanzia hapo kampuni ikaanza kuajiri. Mhasibu alibaki vile vile, mkono wa birika. Akaja karani, binti mwenye sauti ya asali, ambaye ndiye aliyekuwa anapokea simu. Akaja msimamizi wa usafirishaji, mtu wa kuomba radhi, ambaye kila akipigiwa yuko njiani na gari limepata pancha. Na juu yao wote alikuwepo bosi, ambaye alikuwa kikaoni. "Bosi yuko kikaoni kwa sasa," karani anasema kwa unyenyekevu, na wakati huo bosi yuko chini sakafuni anakwangua rangi iliyoganda kwa kisu cha jikoni.

Nilicheka, nisiseme uongo. Lakini kicheko kilianza kuniisha mama mkwe alipoingia kwenye jambo hili. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha choka kumkumbusha binti yake habari za kuolewa. Aliposikia kuna mhasibu, akachangamka, na kwa kuwa chumbani kwenyewe alikuwa haingii kwa sababu ya harufu ya rangi, hakuwa na njia ya kumwona. Alinivuta pembeni akaniuliza kama huyo mhasibu ana mke. Nikamwambia sijui, mama. Akasema anaonekana ni kijana wa msimamo, maana siku moja alipiga simu ya kampuni kwa kukosea akapokea huyo mhasibu, akamjibu vizuri tu, kwa heshima. Tangu siku hiyo akawa anatuma salamu kwa mhasibu. Kisha akaanza kutuma chakula cha mhasibu, kimefunikwa vizuri, kwenye bakuli lake zuri. Wifi alikuwa anakila na kurudisha bakuli limeoshwa, na kusema mhasibu ameshukuru. Nilimuuliza kwa nini anamdanganya mama. "Sijui, wifi," aliniambia, na nilimwamini, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia. "Ilinitoka tu. Sasa sijui naitoaje."

Hata yeye mwenyewe alianza kuchanganyikiwa. Jioni moja tuko mezani, mume wangu akamwomba achangie kidogo kwenye bati lililoanza kuvuja. Wifi akasema angependa sana, ila mhasibu hatakubali. Mume wangu akaweka kijiko chini.

"Mhasibu ni wewe," akamwambia.

"Najua, kaka. Lakini hatakubali."

Watoto walicheka. Mume wangu hakucheka. Yeye ni mtu wa mambo yanayoshikika, na nadhani hofu ilimwingia kwamba dada yake anaanza kupungukiwa akili. Hakuchelewa kumtafutia kazi. Pale ofisini kwao mama wa mapokezi alikuwa anastaafu, na mume wangu akazungumza na wakubwa zake. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye meza safi na kupokea simu. Alimwambia kuwa kama ni simu, amekwisha hitimu, na tena huko atakuwa mtu mmoja tu na atalipwa mshahara mmoja wa uhakika. Akampa mpaka mwisho wa mwezi ajibu.

Nami niseme langu kabla hamjaliona wenyewe. Mimi nilikuwa nakitaka kile chumba. Saluni yangu ni finyu, wateja wanagongana magoti. Nilikuwa nimekwisha pima kwa macho ukuta wa kuweka vioo. Kwa hiyo aliponijia na kuniuliza, wifi, nifanye nini, sikuwa mtu mzuri wa kuulizwa.

Alimwomba kaka yake asubiri jibu la Daktari. Huyo Daktari ni mama mwenye hospitali ya watoto, aliyekuwa amejenga jengo jipya na anataka picha kwenye kila ukuta: korido, vyumba vya kulaza, chumba cha sindano, kote. Ilikuwa ni kazi ya mwaka mzima, na haijawahi kutokea kampuni ikapata kazi ya hata mwezi mmoja. Makubaliano ya familia yakawa wazi: Daktari akikubali, chumba kinabaki cha rangi. Akikataa, wifi anaenda mapokezi, na mimi napata vioo vyangu.

Daktari alipopiga simu mara ya kwanza aliuliza kampuni ina wachoraji wangapi, maana kazi ni kubwa. Karani akajibu bila kusita kwamba wapo mafundi wawili. Mmoja ni wa ndege, mwingine ni wa sura. Nilisikia kupitia ukutani nikajisemea, haya, wameongezeka tena.

Akataka aone kazi ya kila mmoja. Wifi akachora mbao mbili. Ya ndege aliichora huku anaimba, kwa siku chache tu, na wakatoka ndege ambao ungedhani wataruka sasa hivi. Ya sura, yaani watoto wamekaa kwenye benchi, ilimtesa. Aliifuta, akaichora, akaifuta. Ndivyo alivyo siku zote. Aliwahi kuniambia, "Ndege nawachora ili tule, wifi. Sura nachora kwa sababu yangu mwenyewe." Tangu utoto anachora sura. Kama kuna kitu kinachomweka kwenye kile chumba chenye harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi badala ya kwenye maisha ya watu wengine, ni hicho. Nasi wa nyumbani kila akituonyesha sura tulimwambia imetoka vizuri. Ni mtu wa kuumia haraka. Ungemwambia nini?

Mbao zikaenda hospitali. Siku chache baadaye, bila kupiga simu, Daktari akaja mwenyewe.

Ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na anatembea kama mtu aliyezoea milango kufunguliwa mbele yake. Nilimwona akiingia, nikamwacha mteja wangu na povu kichwani, nikaenda kuazima mkasi ambao nilikuwa nao mfukoni. Wifi alimwamkia, akapata kigugumizi, kisha akasema yeye ndiye bosi. Kuhusu mafundi, wametoka kidogo. Daktari hakujali. Alikaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo akaanza kusema kama wanavyosema watu wawili wenye biashara, mtu na mwenzake.

"Bosi, nisikuzungushe. Huyu fundi wako wa ndege ana mkono. Mimi si mtu wa picha, lakini nimesimama pale nikasahau nilikuwa naenda wapi. Mpe kazi yote. Ila huyu wa sura umwondoe."

Wifi akauliza, kwa sauti ya bosi, kwa nini.

"Kwa sababu watoto wake wote ni uso mmoja. Macho yapo, midomo ipo, kila kitu kipo mahali pake, lakini hakuna mtoto hata mmoja pale. Ni watu wazima waliokaa wanangoja kuambiwa habari mbaya. Nitaweka vipi kitu hicho mbele ya mtoto mgonjwa? Wewe ni mfanyabiashara, unaelewa. Mtu wa namna hiyo unamwonea huruma leo, kesho anakuharibia jina."

"Naelewa," wifi akasema. "Nitamwondoa."

Daktari akamsifu kwa kuwa mtu wa maamuzi. Akasema Ijumaa atarudi na mkataba, na angependa kumshika mkono huyo fundi wa ndege. Akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika mkasi wangu.

Wifi alikaa pale pale alipokaa Daktari. Aliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia Daktari anajua sindano, picha anajuaje? Alinitazama muda mrefu, mpaka nikakumbuka povu la watu nikakimbia.

Siku zilizofuata sijui nizielezeje, maana hata sisi tuliokuwa ndani yake hatukujua tufurahi au tuomboleze. Mume wangu alisikia nusu ya kwanza ya habari akampongeza, akasikia nusu ya pili akauachia mkono wake. Wifi alikuwa anacheka halafu katikati ya kicheko anainuka anatoka nje. Alisema kwamba amepata kazi na kufukuzwa kazi saa ile ile, na hajui aende kusherehekea au aende kuchukua vitu vyake. Akajaribu kuchora ndege, kwa kuwa ndiye fundi aliyebaki. Ndege wakagoma. Walitoka wazito, wamenuna, kama kuku walionyeshewa. Akasema hajui tena yule wa ndege alikuwa anashika brashi vipi. Hajawahi kumtazama akifanya kazi.

Na kupitia ukutani nikaanza kusikia mambo. Bosi alikuwa amemwita fundi wa sura kumpa habari. Karani wa sauti ya asali akamwombea msamaha, kwamba ni mtu wa siku nyingi, anakuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mhasibu akasema kwa pua kwamba huyo mtu hajawahi kuleta faida tangu siku ya kwanza. Fundi wa sura mwenyewe hakusema neno. Nilisubiri aseme, nimesimama na chanuo hewani, lakini hakusema.

"Hapo jirani wana kikao?" mteja wangu akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Cha wafanyakazi."

Ijumaa ilipokaribia tulikaa kama familia. Swali lilikuwa nani atasimama mbele ya Daktari na kushikwa mkono. Mume wangu alimjua kijana mmoja ofisini kwao mwenye vidole virefu, akasema tumpake rangi kidogo kwenye shati, asimame tu, asiongee. Mimi nikasema ujinga gani huo, wifi aseme ni yeye, yaishe. Wifi akauliza, akisema ni yeye wa ndege, yule wa sura atasema ni nani? Ndipo mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa anatusikiliza kwa kutuonea huruma, akasema tunahangaika bure. Kazi hiyo apewe mhasibu. Ni mwanamume wa msimamo, atajua namna ya kuongea na Daktari.

Mume wangu akatazama dari. Wifi akapiga magoti mbele ya mama yake akamweleza taratibu kwamba hakuna mhasibu, hajawahi kuwepo, ni yeye na pua yake.

Mama mkwe hakupaza sauti. Alirekebisha kanga yake begani, akairekebisha tena.

"Na kile chakula?" akauliza.

"Nilikula mimi, mama."

Nilidhani atalia, na nikajiandaa kulia naye, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeanza kumzoea yule mhasibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini kilikuwa kitamu?"

"Kitamu sana, mama."

"Basi," akasema, akainuka kwenda kulala. Kikao kikavunjika bila uamuzi wowote.

Ijumaa Daktari akaja na mkataba ndani ya bahasha. Sikutafuta hata kisingizio cha mkasi, nilisimama mlangoni waziwazi. Chumba hakikupangwa. Yule kijana wa vidole virefu hakuitwa. Wifi alikuwa amesimama katikati ya makopo yake, mikono imejaa rangi mpaka kwenye viwiko, na nilivyomwona nikajua hajui atakachosema. Daktari akatazama huku na huku akauliza, yuko wapi fundi wetu?

Nilisubiri sauti ya bosi. Halafu nikasubiri ya karani. Iliyotoka ilikuwa ya wifi yangu mwenyewe, ile ya kukwaruza kidogo, ambayo nilikuwa siisikii tena upande wa pili wa ukuta.

"Daktari, ndege nimechora mimi," akasema. "Na sura nimechora mimi. Humu ndani hakuna mtu mwingine. Hata aliyekuwa anapokea simu zako ni mimi."

Daktari akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Mtu mzima akipata haya inamwenea mwili mzima. Alisema aa, kumbe. Akacheka kidogo, peke yake. Nikadhani sasa ataghadhabika kwa kudanganywa, na moyoni nikaanza kuhesabu vioo vyangu.

Lakini hakughadhabika. Alianza kurudi nyuma. Akasema kuhusu zile sura, unajua, siku ile aliziona kwenye korido ambayo taa zake hazijafungwa. Ukizitazama vizuri zina kitu. Muuguzi mkuu amezipenda sana, tena sana. Na yeye Daktari mwenyewe jana alipita pale akasema, kumbe ni nzuri. Wifi achore vyote, ndege na sura, vyumba vyote, apendavyo.

"Lakini ulisema hakuna mtoto hata mmoja," wifi akasema.

"Siku ile nilikuwa nimechoka."

"Ulisema ni watu wazima wanangoja habari mbaya."

"Mwanangu, usiyashike maneno yangu. Wewe una kipaji." Siku ya kwanza alikuwa bosi, sasa amekuwa mwanangu. "Sura zako ni nzuri. Nzuri sana."

Wifi alimtazama kama mtu anayeangalia basi lake likiondoka. "Tafadhali, Daktari," akasema. "Nilitaka uniambie vile vile ulivyoniambia. Nifanyeje ili awepo mtoto?"

Daktari akamgusa bega, akamwambia asiwe na wasiwasi, ziko nzuri. Akaweka mkataba juu ya meza, akatia sahihi yake haraka, akamshika mkono uliojaa rangi bila kuogopa nguo zake, akaondoka akitembea kwa kasi kuliko alivyokuja.

Nilipiga kigelegele kimoja kikaishia njiani. Wifi alikuwa anautazama mlango.

"Umepata kazi!" nikamwambia. "Mwaka mzima! Mbona umenuna?"

"Sijanuna." Akakaa. "Miaka yote hii, wifi, kila mtu ananiambia nzuri. Nikatokea kuwa bosi siku moja, ndiyo nikaambiwa ukweli. Aliyeniambia alikuwa ni huyo mmoja tu. Nimemwambia ni mimi, naye amekuwa kama nyie."

Nilirudi saluni nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Mtu kapata alichokuwa anakitaka, kaka yake amekwenda kuwaambia wakubwa zake kwamba dada hatakuja, mama amefurahi, mimi nimepoteza ukuta wa vioo vyangu na nimeridhika, halafu yeye anakaa pale kana kwamba kafiwa. Kama nyie, ananiambia. Sisi tumemkosea nini, zaidi ya kumpenda? Nilimvuta nywele mteja wangu mpaka akalalamika.

Kazi ikaanza. Simu ikilia, wifi anapokea mwenyewe na kusema ni yeye. Bei anaitaja kwa sauti ya kutetemeka, na mara nyingine anashuka, mara nyingine hashuki. Ndege walirudi mkononi mwake siku ile ile ya Ijumaa, sijui kwa nini, na mbao za ndege zikawa zinaondoka kwenda hospitali moja baada ya nyingine. Za sura zilibaki zimeegemezwa ukutani, nyeupe, hazijaguswa.

Kisha mchana mmoja akaja kusimama mlangoni kwangu, akaniomba nikapumzike kwake kidogo. Sikuwa na mteja. Nikaenda, akaniweka kwenye kile kiti kisicho na mgongo, karibu na dirisha, akaniambia nitulie tu. Mimi siku nzima nashika vichwa vya watu na kuwatazama kwenye kioo, na sikuwahi kujua ilivyo vibaya kutazamwa. Alikuwa ananitazama usoni kama anatafuta sindano iliyodondoka. Mgongo ukaniuma, pua ikaniwasha. Nilianza kuongea akaniambia ninyamaze. Nilianza kuudhika, kisha nikaanza kuwaza mambo ambayo huwa siyawazi nikiwa na kazi.

Jua lilipohama dirishani akageuza ubao nione.

Macho yalikuwepo. Mdomo ulikuwepo, pua ilikuwepo, hata kovu dogo la juu ya nyusi alilipata. Alikuwa ni mwanamke mzuri, ametulia, ana subira. Nilimtazama nikamtafuta mtu ninayemjua.

"Ni wewe?" wifi akauliza.

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Lakini pale ulikwama. Lile neno nzuri lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi, limekaa tayari, tamu, halina gharama. Nilimtazama aliyeniuliza. Hakuwa karani wala bosi, alikuwa wifi yangu, ameshika brashi.

"Hapana," nikasema. "Si mimi. Huyu ni mtu mpole. Mimi si mpole, wifi. Na nilikuwa nimekasirika muda wote niliokaa hapa, wewe hujaona?"

Machozi yakamjaa, yakashuka, hakuyafuta. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu, nimwambie ni mwanga, nimwambie nimechoka. Nilikishika kiti kwa mikono miwili nisiseme. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa tapentaini, akaufuta ule uso kuanzia juu mpaka chini ukabaki ukungu wa kahawia. Kisha akavuta pumzi, akaniangalia tena, safari hii kwa karibu zaidi.

"Ulimkasirikia nani?" akauliza.

"Wewe."

"Kaa hivyo hivyo," akasema, akachukua brashi. "Usiiondoe hiyo hasira."